MAONI BAADA YA HABARI: Kibali cha Ng'ombe na Siri za Machinjioni



Mazungumzo yetu ya leo yahusu maradhi na majeraha yanayogunduliwa katika ng'ombe baada ya kuchinjwa, hasa wale ng'ombe ambao wenyewe wamekwisha kuwaondoa kundini. Huenda baadhi yenu mkauliza: askari ana lipi na matumbo ya ng'ombe? Tunaomba mtuvumilie, maana mwishoni itaonekana ya kuwa katika safari ya mnyama huyo, kutoka zizini hadi kwenye sufuria, mtu mwenye sare hukutana naye mara nyingi, na kila mara hana budi kuamua jambo.

Tuanze na ng'ombe mwenyewe. Nchi yetu ina ukanda mrefu wa wafugaji unaoanzia Isingiro upande wa kusini magharibi, ukapita Kiruhura, Sembabule, Nakaseke na Nakasongola, na kuishia Teso na Karamoja upande wa kaskazini mashariki. Kila mfugaji wa huko, awe na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu au ng'ombe wa maziwa wa kizungu, hana budi kupunguza kundi lake mara kwa mara. Katika kupunguza huko, hatoi walio bora. Humtoa jike lililozaa mara nyingi likakauka maziwa, lenye chuchu zilizoharibika, lisiloshika mimba au linalozitupa mimba zake. Humtoa pia anayechechemea, aliyekonda bila sababu inayojulikana, na maksai wa jembe aliyechoka. Mfugaji hafanyi kosa kumwuza ng'ombe wa namna hiyo, kwa kuwa nyama ya ng'ombe mzee ni chakula halali na kizuri iwapo mnyama mwenyewe alikuwa mzima. Lakini yafaa tujiulize kwa nini amekonda, na kwa nini mimba hazikai. Mara nyingi ile sababu iliyomfanya auzwe kwa bei nafuu ndiyo ishara ya ugonjwa alio nao.

Mjini Kampala ng'ombe wengi huishia katika machinjio ya jiji yaliyo kando ya barabara ya zamani ya Port Bell, au katika yale ya Nsooba karibu na Kalerwe. Kazi hufanyika usiku na alfajiri, ili nyama iwahi kufika mabuchani asubuhi, na makaloli huwa wamekwisha kujipanga juu ya mapaa wakingoja fungu lao. Hapo ndipo mkaguzi wa nyama hufanya kazi yake. Kwa utaratibu unaotakiwa, ng'ombe hupumzishwa na kunyweshwa maji, kisha hukaguliwa angali hai: hutazamwa anavyotembea, anavyopumua, macho yake na pua yake. Baada ya kuchinjwa, mkaguzi hukata misuli ya mashavu na ulimi, hupasua tezi za koo na za kifua, huyapapasa mapafu kwa vidole, hufungua mirija ya ini, hutazama moyo, figo, wengu na kiwele. Kisha ndipo hupiga muhuri, au hukataa.

Je, huona nini? Katika mapafu na tezi huweza kuona vinundu vigumu vyenye usaha mzito wa rangi ya manjano, ambavyo kisu kikivipasua hulia kama kimekutana na mchanga. Hiyo ni dalili ya kifua kikuu cha ng'ombe, na kifua kikuu hicho humpata binadamu pia, hasa kwa kunywa maziwa mabichi. Katika ini huona mirija iliyovimba na kuwa migumu, na ndani yake minyoo bapa mfano wa jani dogo, ambayo ng'ombe huipata kwa kula majani ya mabondeni na kandokando ya maji waishimo konokono wadogo. Katika mapafu na ini huweza kukuta mifuko iliyojaa maji, ambayo ni watoto wa mnyoo wa mbwa. Mbwa akitupiwa mifuko hiyo, ugonjwa hurudi malishoni na hata nyumbani kwa watu.

Na katika misuli ya mashavu huweza kuona vijifuko vyeupe vidogo kama punje ya mchele ulioiva. Hao ni watoto wa tegu. Jambo la kukumbuka hapa, ndugu askari, ni kwamba ng'ombe hapati tegu hao kwa ng'ombe mwenzake. Huwapata kwa binadamu, wakati mtu mwenye tegu tumboni anapojisaidia malishoni na mayai yakabaki kwenye majani. Binadamu naye huipata tegu kwa kula nyama isiyoiva. Kikosi kinachopiga kambi porini bila kuchimba vyoo, kisha kikachoma nyama juu juu na kuila ingali nyekundu ndani, chaweza kujiambukiza chenyewe na kumwambukiza mfugaji ambaye kimetumwa kumlinda.

Kisha tumbo. Wakazi wa Kampala wote waijua kaveera, ile mifuko ya plastiki inayopeperuka kila mahali. Ng'ombe anayelishwa kwenye majalala na kandokando ya miji huila kwa ajili ya chumvi na mabaki ya chakula yaliyomo. Haiyeyuki. Hujisokota tumboni ikawa fundo kubwa kama mpira, na mnyama hukonda huku tumbo lake likionekana limeshiba. Pamoja na kaveera hupatikana misumari na vipande vya waya. Tumbo la pili la ng'ombe, lile lenye ngozi mfano wa sega la nyuki, limelala karibu sana na moyo, na msumari ukisukumwa mbele huweza kutoboa hadi kwenye ngozi ya moyo ukaleta usaha. Ng'ombe wa namna hiyo husimama ametanua viwiko, na huogopa kuteremka mlima. Mwenyewe humwuza akisema amezeeka.

Hayo ni maradhi. Sasa tutazame majeraha. Ng'ombe aliyepigwa kwa fimbo, aliyechomwa kwa pembe ya mwenzake, aliyeanguka ndani ya lori na kukanyagwa, huonekana ngozi yake nzima. Lakini ngozi ikichunwa, mavilio ya damu huonekana wazi. Mkaguzi mwenye uzoefu huweza hata kukadiria umri wa jeraha. Jeraha la saa chache ni jekundu la damu mpya. La siku moja limekwisha kuwa na rangi ya giza. Lililopita siku tatu lina rangi ya kutu, na ukiligusa huteleza kama sabuni. Ninyi askari wa Polisi mnajua thamani ya ushahidi wa namna hiyo. Jeraha jekundu humsema dereva na wapakiaji, na jeraha la rangi ya kutu husema yaliyotendeka huko nyuma, sokoni au zizini. Nyama yenye mavilio hukatwa ikatupwa, na hiyo ni hasara ya fedha. Tena ng'ombe aliyesafirishwa kwa hofu na kuchoka, asipate maji wala mapumziko, hutoa nyama nyeusi, kavu, inayoharibika upesi hata kama haina ugonjwa wowote. Kumdhulumu mnyama ni kosa mbele ya sheria ya nchi yetu, na aliye barabarani wa kuizuia dhuluma hiyo ni askari.

Ndugu wasikilizaji, mkaguzi wa nyama ni mlinzi, lakini ni mlinzi wa lango la mwisho. Yapo mambo ambayo kisu chake hakiwezi kuyaona. Ugonjwa wa kutupa mimba huingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na maji ya uzazi, nao humpa mtu homa isiyokwisha na maumivu ya viungo, mpaka adhani ni malaria. Lakini nyama ya ng'ombe mwenye ugonjwa huo huweza kuonekana safi kabisa. Hali kadhalika dawa: mfanyabiashara akimdunga ng'ombe mgonjwa sindano leo na kumchinja kesho, ili asimfie mikononi, dawa hiyo hubaki katika nyama na hakuna jicho litakaloiona. Homa ya Bonde la Ufa nayo ni hivyo hivyo. Mnamo Machi 2016 ilithibitishwa wilayani Kabale, kwa mara ya kwanza hapa Uganda tangu mwaka 1968, na mmoja wa wagonjwa wa kwanza alikuwa mchinjaji wa nyama. Damu aliyoishika kazini haikuwa na alama yoyote ya kumwonya.

Basi, ikiwa mlinzi wa mwisho hawezi kuyaona yote, hapana budi kuwe na walinzi wa mbele. Na hata lile analoliona lina faida ndogo lisiporudi lilikotoka. Mkaguzi akipata pafu lenye kifua kikuu, ataliteketeza, na walaji wa siku ile watasalimika. Lakini katika zizi alikotoka ng'ombe yule wamebaki wengine, na watoto wanakunywa maziwa yao. Nani atawaambia? Jibu limo katika karatasi ndogo ambayo wengi huidharau: kibali cha kusafirisha mifugo. Kibali hutolewa na daktari wa mifugo wa wilaya, pamoja na barua ya mwenyekiti wa kijiji, na husema ng'ombe ni wangapi, ni wa nani, wametoka wapi na wanakwenda wapi. Penye kibali cha kweli, pafu bovu lina anwani. Mkaguzi aweza kupeleka habari Kiruhura au Nakasongola, na daktari wa huko akaenda kupima kundi. Pasipo kibali, pafu hilo ni kama barua isiyo na jina. Hutupwa, na ugonjwa huendelea kule kule ulikoanzia.

Ndiyo maana tunasema kwamba ng'ombe wa wizi ana hatari mbili. Ya kwanza mnaijua: umaskini, kisasi na bunduki. Ya pili ni kwamba ng'ombe huyo hana kwao. Husafirishwa usiku, huchanganywa na wengine porini, huchinjwa chini ya mti, na maradhi yake huenea bila mtu kujua yalipotoka.

Mfano wa jambo hili tunao hapa hapa nchini. Miaka ya mwisho ya 1980 watu wa Teso walipoteza karibu mali yao yote ya ng'ombe kwa sababu ya vita na wizi wa mifugo. Amani iliporejea, walianza kununua ng'ombe upya, na wengi waliletwa kutoka maeneo ya kusini mashariki ambako ugonjwa wa malale ulikuwapo tangu zamani. Ng'ombe huweza kubeba vimelea vya malale katika damu yake bila kuonekana mgonjwa. Mbung'o akimwuma ng'ombe, kisha akamwuma mtu, mtu huugua. Mnamo Desemba 1998 malale ilianza kuonekana wilayani Soroti, ambako haikuwa ikijulikana kabla ya hapo. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba wagonjwa walikuwa wengi zaidi karibu na soko la ng'ombe la Brookes Corner, na walipungua kadiri ya umbali kutoka sokoni hapo. Mbung'o hakuruka kutoka Busoga. Ugonjwa ulitembea kwa miguu ya ng'ombe. Sindano moja ya dawa kabla ya ng'ombe kusafirishwa, nayo ikaguliwe njiani, ingaliweza kuzuia msiba huo.

Mfano wa pili ni wa zamani, nao unawahusu wanajeshi zaidi. Mwaka 1887, kama wanahistoria wengi waelezavyo, ugonjwa wa sotoka uliingia Massawa, katika Eritrea ya leo, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kulilisha jeshi la Waitalia. Hawakuwa ng'ombe wa biashara wala wa kufuga. Walikuwa posho ya askari. Katika muda wa miaka michache sotoka ilikwisha kufika katika nchi za maziwa makuu, na kabla ya mwaka 1900 ilikwisha kufika kusini kabisa mwa Afrika. Makundi yalimalizika, njaa ikaingia, na kabila baada ya kabila la wafugaji likabaki halina kitu. Dunia ilihitaji zaidi ya miaka 100 kuuondoa ugonjwa huo, na ni mwaka 2011 tu ndipo mashirika ya kimataifa yalipotangaza kwamba sotoka imekwisha duniani. Hayo yote yalianza na posho ambayo hakuna aliyeikagua.

Sasa turudi kwenye kazi zetu. Askari wa Polisi aliye kwenye kizuizi cha barabarani huona lori la ng'ombe likija. Kanuni zimekataza kusafirisha mifugo usiku, na zimetaka kibali. Lori limesimama saa tano za usiku, kibali hakipo, au kipo kikiwa na ng'ombe 12 wakati ndani mnahesabiwa 20. Dereva anateremka na noti iliyokunjwa mkononi. Tuseme wazi: mshahara wa askari si mkubwa, na usiku ni mrefu. Lakini anayeipokea noti ile hajui ameuza nini. Huenda ameuza njia kwa ugonjwa wa miguu na midomo, ule ulioenea katika wilaya zaidi ya 30 za nchi yetu kati ya mwishoni mwa 2023 na mwaka 2024, masoko ya ng'ombe yakafungwa na wafugaji wakakosa ada za shule za watoto wao. Na miongoni mwa watoto hao, bila shaka, walikuwamo watoto na wadogo wa askari, kwa maana nani kati yenu hana ndugu anayefuga? Noti ile ilitoka mfukoni mwa jamaa yake.

Zaidi ya hayo, nyama ile haipotei hewani. Itachinjwa mahali pasipo na mkaguzi, na kesho yake yaweza kuwa imening'inia buchani nje ya lango la kambi.

Kwa upande wa makambi, maneno yetu yawaelekee wakuu wa bohari na wapishi. Ng'ombe wa bei nafuu anapoletwa kwa ajili ya mesi, aulizwe kibali chake kabla ya kuulizwa bei. Kama kikosi kinachinja chenyewe, aitwe daktari wa mifugo wa wilaya, au afisa wa jeshi mwenye ujuzi huo, amtazame mnyama angali hai na amkague baada ya kuchinjwa. Maini na mapafu yaliyokataliwa yateketezwe au yafukiwe kwa kina. Mbwa wa kambi wasipewe. Nyama na ipikwe mpaka rangi nyekundu iishe hadi ndani, na maziwa yachemshwe. Vikosi vinavyorejesha ng'ombe kutoka kwa wezi, hasa kule Karamoja, viwatenge ng'ombe hao na kuwaonyesha kwa daktari kabla ya kuwachanganya na makundi ya wananchi, na wala pasiwe na mtu wa kumchinja mmoja njiani.

Lipo onyo moja ambalo hatuwezi kufunga mazungumzo haya bila kulitaja. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe ghafla, akavimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani au nyuma, asipasuliwe kabisa. Huenda ni kimeta. Mwishoni mwa mwaka 2023 wilayani Kyotera watu walivimba mikono na kutokwa na vidonda, na baadhi yao wakafariki, baada ya kushika na kula nyama ya ng'ombe waliokufa wenyewe. Vipimo vikathibitisha kwamba ni kimeta. Mzoga ukipasuliwa, viini vya ugonjwa huo hupata hewa, hujivika ganda gumu, na huishi udongoni miaka mingi sana vikingoja ng'ombe mwingine. Kazi ya askari afikapo kwenye mzoga wa aina hiyo ni kama afikapo kwenye bomu ambalo halijalipuka: kuwazuia watu wasisogee, kutoa habari kwa daktari wa mifugo, na kungoja wenye ujuzi wauchome au waufukie chini sana. Huruma ya kuwaachia wanakijiji maskini nyama hiyo si huruma.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Machinjioni huonekana ufa uliokwisha kuwa mkubwa: ini lililojaa minyoo, pafu lililooza, mfupa uliovunjika, fundo la kaveera. Mkaguzi wa Kampala akiyaona hayo huyakata akayatupa, naye amefanya wajibu wake. Pa kuziba ni huko nyuma, malishoni, sokoni na barabarani, na barabarani mwenye amri ni ninyi. Kila kibali mnachokisoma kwa makini, kila lori mnalolirudisha lilikotoka, kila fimbo mnayoizuia isimpige mnyama aliyelala ndani ya gari, ni ugonjwa mmoja uliozuiwa, ingawa huenda msijue kamwe ni mtoto wa nani aliyesalimika.

Hayo, ndugu wasikilizaji, ndiyo maoni yetu ya leo.